Profesa Luria na Elimu ya Makosa

Baina ya tabibu anayepasua kichwa kwa kisu na tabibu anayewatazama walioingiwa na wazimu, yuko mwanachuoni wa tatu ambaye kazi yake haijulikani sana na watu, kwa kuwa hashiki kisu wala haandiki dawa. Huyo hukaa mezani na mgonjwa aliyepatwa na kiharusi, au aliyeanguka akaumia kichwa, au aliyetolewa uvimbe ubongoni, akamtaka atende mambo ambayo mpita njia angeyadhani kuwa mchezo wa watoto: apige meza kwa ngumi, kisha kwa ubavu wa mkono, kisha kwa kiganja kilichokunjuliwa, arudie tena na tena kwa utaratibu ule ule, ataje vitu anavyoonyeshwa, asimulie kisa alichosomewa punde hivi. Taaluma hiyo huitwa nyurosaikolojia, yaani elimu ya mafungamano ya ubongo na nafsi, na mchezo ule wa ngumi, ubavu na kiganja, ambao hata leo hutumika katika hospitali za mataifa mengi, ni urithi wa profesa mmoja wa Moscow aliyeitwa Alexander Romanovich Luria.

Alizaliwa tarehe 16 Julai, 1902, katika mji wa Kazan, kando ya mto Volga, mji wa kale wa Watatari, ambao Waislamu wengi wa dunia waliujua katika karne ya 19 kwa sababu ya misahafu iliyopigwa chapa huko. Baba yake, Roman Luria, alikuwa tabibu Myahudi mwenye sifa, na mama yake alikuwa tabibu wa meno. Yafaa kumkumbuka huyo baba, maana ndiye aliyeandika kwamba kila mgonjwa ana ugonjwa wa namna mbili: ule anaouona daktari, na ule ambao mgonjwa mwenyewe anauchora moyoni mwake, na asiyeujua huu wa pili hajaujua ugonjwa wote. Mwana alianza kwa kuikimbia kazi ya baba, akazunguka pande nyingi za elimu, na mwisho wa safari akajikuta amefika pale pale alipokuwa amesimama mzee.

Mapinduzi ya 1917 yalimkuta kijana wa miaka kumi na mitano. Vyuo vilivyokuwa vikiwabana Mayahudi vikafunguliwa milango, naye akaingia Chuo Kikuu cha Kazan mwaka 1918, akatoka na shahada mwaka 1921, akiwa na pupa ya kujua kila kitu kwa mara moja. Hata mwaka 1922 alikwisha kuanzisha chama cha wanaoifuata elimu ya Sigmund Freud, akamwandikia Freud mwenyewe huko Vienna, na yule mkubwa akamjibu mvulana wa Kazan kwa heshima kama anayemjibu mwenzake. Mwaka uliofuata aliitwa Moscow, na huko akatunga njia yake ya kwanza iliyomletea sifa: humtajia mtu neno, mtu hujibu kwa neno la kwanza linalomjia, na wakati huo huo hubana mpira kwa mkono, ikiwa neno limegusa jambo analolificha, mkono hutetemeka kabla ulimi haujasaliti. Aliijaribu kwa washitakiwa waliokuwa wakingoja kuhojiwa, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka New York mwaka 1932, zamani kabla ya watu kuzoea mitambo ya kupima uongo.

Walakini mtu aliyemgeuza ni Lev Vygotsky, mwalimu asiyejulikana kutoka mji mdogo wa Gomel, ambaye Luria alimsikia akihutubia mkutano wa wataalamu huko Petrograd mwezi wa Januari 1924. Luria alifanya bidii aletwe Moscow, na tangu hapo yeye, Vygotsky na mwanasaikolojia mwenzao Alexei Leontiev wakawa watu watatu wa shauri moja. Vygotsky alishikilia kwamba akili ya binadamu haikui ndani ya fuvu peke yake, bali huazima zana kutoka kwa watu: maneno, tarakimu, maandishi, hata fundo linalofungwa kwenye kitambaa ili jambo lisisahauliwe. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1934, akiwa na miaka thelathini na saba tu, na si kutia chumvi kusema kwamba Luria alitumia umri wote uliobaki akiitafutia fikra ya rafiki yake mahali pake ndani ya ubongo.

Kabla ya hapo, lakini, palikuwa na safari ya Asia ya Kati. Mwaka 1931, na tena mwaka 1932, Luria alikwenda na wenzake katika vijiji vya Uzbekistani na milima ya Kirgizia, wakati dola mpya ilipokuwa ikiwasomesha wakulima kwa lazima na kuwatia katika mashamba ya ujima. Hawakuwatolea watu karatasi za mtihani; walikaa nao katika nyumba za chai, wakazungumza kwa wasaa, wakatia maswali yao katikati ya maongezi kama watu watoleanao vitendawili. Wakulima wasiojua kusoma walipoonyeshwa duara hawakusema ni duara, walisema ni mwezi, au sahani, au ndoo. Walipoonyeshwa picha za nyundo, msumeno, shoka na gogo, wakaulizwa kipi si cha jamaa hiyo, walikataa kulitoa gogo. Kwani msumeno bila gogo utafanya kazi gani? Na walipoambiwa kwamba katika nchi za kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba visiwa vya Novaya Zemlya viko huko kaskazini, kisha wakaulizwa dubu wa huko ni wa rangi gani, walijibu kwamba wao hawajafika huko, na mtu hasemi asiloliona, aulizwe aliyekwenda.

Luria alihukumu kwamba kufikiri kwa mtu hubadilika pamoja na maisha yake, na kwamba hata mwaka mmoja au miwili ya skuli ilitosha kumfanya kijana wa kijiji kile kile alijibu swali la dubu bila taabu. Mimi nakubali nusu ya hukumu hiyo. Lakini msomaji aliyekulia mahali penye kadhi ataona upesi jambo ambalo profesa hakulitilia uzito wa kutosha, nalo ni kwamba mkulima yule hakushindwa kufikiri. Alikataa kutoa ushahidi juu ya jambo la ghaibu, na hiyo ni adabu aliyofundishwa, tena adabu ya watu waungwana. Juu ya hivyo sharti tumpe Luria haki yake: ikiwa leo twaweza kumpinga, ni kwa sababu aliyaandika majibu yale neno kwa neno, na yale aliyoyahesabu kuwa makosa aliyahifadhi kwa uangalifu kuliko wengine wanavyohifadhi majibu ya sawa. Wakubwa wa dola hawakuipenda kazi ile. Walisema inawadhalilisha watu wa mataifa madogo, na haikupigwa chapa mpaka mwaka 1974.

Elimu ya Freud nayo ilikuwa imekwisha pigwa marufuku. Luria alipoona kila mlango anaougonga unafungwa, alirudi kukaa darasani pamoja na vijana kusoma utabibu, akahitimu mwaka 1937, mwaka ambao watu wengi wa elimu katika nchi ile walichukuliwa usiku wasionekane tena. Wako wasemao kwamba utabibu ulikuwa maficho yake. Yumkini, lakini maficho hayo ndiyo yaliyomfikisha kwa wagonjwa, na kwa wagonjwa ndipo alipojijua.

Tayari alikuwa ameonja ladha ya kazi hiyo pamoja na Vygotsky, kwa wagonjwa wa Parkinson, ambao viungo vyao hukakamaa na kutetemeka. Waliona ajabu moja: mtu asiyeweza kupiga hatua mbili juu ya sakafu tambarare huweza kupanda ngazi. Basi wakatandaza vipande vya karatasi sakafuni, kimoja baada ya kimoja, wakamwambia mgonjwa avivuke, naye akatembea. Kule kutembea kwa mazoea, kusikofikiriwa, kulikuwa kumeharibika, ila kuvuka karatasi ni kazi nyingine, inayopita njia nyingine ndani ya kichwa, na njia hiyo ilikuwa bado nzima.

Jeshi la Ujerumani lilipoivamia Urusi mwezi wa Juni 1941, Luria alipewa kazi ya kufungua hospitali ya askari walioumia ubongo. Aliiweka Kisegach, penye milima ya Ural, katika mkoa wa Chelyabinsk, kwenye nyumba ya mapumziko yenye vitanda 400 iliyogeuzwa hospitali kwa haraka. Huko waliletwa vijana waliopigwa risasi au vipande vya makombora, wengine hawawezi kusema, wengine wasema lakini hawafahamu wanaloambiwa, wengine hawajui mkono wa kulia ni upi. Vita, ambavyo ni msiba kwa kila kitu, vilimpa mwanachuoni huyu jambo ambalo amani isingempa: mamia ya vijana wazima wa mwili, wenye jeraha moja lililo mahali pamoja pajulikanapo.

Wakati huo wataalamu walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza, waliomfuata Paul Broca, yule tabibu Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1861 mahali pa usemi katika upande wa kushoto wa ubongo, walitaka kila kipaji kiwe na kiwanja chake: hapa kusoma, hapa hesabu, hapa kuandika. Wa pili walisema ubongo hufanya kazi wote kwa jumla, na mipaka ile ni ya kubuni. Luria hakufuata kundi lolote. Alitoa mfano wa kuvuta pumzi: kiwambo kilicho chini ya mapafu kikipooza, misuli ya mbavu hushika kazi, na mbavu zikishindwa, mtu huweza kumeza hewa kwa koo. Kazi ni moja, matokeo ni yale yale, ila watendao hubadilika. Na ikiwa kupumua tu kuko hivyo, sembuse kuandika barua.

Tuchukue kuandika, maana hapo ndipo ilipo hazina yake. Mwenye kuandika hana budi alisikie neno na kuipambanua sauti moja na nyingine; ahisi mahali ulimi na midomo inapokaa katika kulitamka; ajue herufi imeelekea upande gani; mkono utoke herufi hii kwenda ile pasipo kukwama; na juu ya hayo yote awe bado anakumbuka alitaka kuandika nini. Aliyeumia upande wa kushoto karibu na sikio ataandika "papa" alipoambiwa "baba", kwa kuwa sauti mbili zilizo jirani zimekuwa moja kwake. Aliyeumia nyuma zaidi, karibu na kisogo, ataigeuza herufi. Aliyeumia sehemu inayopanga mwendo wa mkono atakwama katika herufi ya kwanza, airudie mara kumi. Na aliyeumia mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, ataanza vizuri, kisha ayaache aliyotumwa na kuandika mengine yaliyompitia kichwani. Ukiwapa alama kama wanafunzi, wote hawa wamepata sifuri. Sifuri hizo hazifanani hata kidogo, na kazi ya profesa, kwa maoni ya Luria, ni kuzipambanua; kwa maana namna mtu anavyokosea ndiyo inayoonyesha ni kiungo gani kimekatika, na vilevile ni vipi vilivyobaki vya kushikiza mzigo.

Kutokana na kazi hiyo ndipo alipougawa ubongo katika jamaa tatu za kazi. Iliyo chini na ndani kabisa huamsha na kulaza, ikaupa ubongo nguvu za kuwa macho. Ya nyuma hupokea habari za macho, masikio na ngozi, ikazichambua na kuziweka. Ya mbele hukusudia, hupanga, na kukagua ikiwa lililotendwa ndilo lililokusudiwa. Wagonjwa wa jamaa hii ya tatu ndio waliomshangaza zaidi, kwa sababu huweza kusema kwa ufasaha na kukumbuka mengi, lakini ukimwambia mmoja wao abane mpira pindi taa iwakapo, taa ikiwaka husema "Ndiyo, nabana," na mkono umetulia juu ya shuka. Amri ameisikia na kuirudia kwa kinywa chake, ila haimfiki mkononi. Jamaa za wagonjwa kama hao huwaita wavivu, au wakaidi, au husema mtu wetu amebadilika tabia tangu ile ajali. Na katika nchi zetu, ambamo pikipiki za abiria huwapeleka vijana hospitali kila siku na vichwa vilivyopasuka, nadhani yako majumba mengi ambamo maneno hayo yanasemwa hivi sasa.

Kati ya majeruhi wake alikuwako mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa ufundi huko Tula kabla ya vita, Luteni Lev Zasetsky, aliyepigwa risasi kichwani upande wa kushoto tarehe 2 Machi, 1943, katika mapigano ya mkoa wa Smolensk. Jeraha liliingia pale panapokutana sehemu za kuona, kusikia na kuhisi. Alipoamka, upande wa kulia wa kila kitu ulikuwa umetoweka. Hata mwili wake mwenyewe ulimpotea, mara mguu haupo, mara kichwa kimekuwa kikubwa kama meza. Alifahamu neno "ndugu" na akafahamu neno "baba", lakini "ndugu wa baba" na "baba wa ndugu" hakuweza kabisa kuyatenganisha, kwa sababu maneno hayo hayafahamiki kwa kutajwa tu, yahitaji kuwekwa kila moja mahali pake mbele ya macho ya akili, na uwanja huo wa kuwekea ndio ulioharibiwa. Kusoma alianza upya, herufi moja moja. Kuandika nako kulimshinda miezi mingi, mpaka siku moja daktari alipomwambia asitafute herufi, auachie mkono uende. Na mkono ukaandika neno "damu" kwa mfulizo mmoja. Herufi zilikuwa zimepotea katika macho, kumbe mkono ulikuwa ungali nazo.

Kwa njia hiyo nyembamba Zasetsky aliandika habari za maisha yake muda wa miaka 25, akajaza kurasa zipatazo 3,000, ilhali alichokiandika hakuweza kukisoma ila kwa mashaka makubwa. Na siku nyingine mistari michache ndiyo mavuno ya kutwa nzima. Alitaka kuipanga dunia yake iliyovunjika, na sehemu ya mbele ya ubongo wake, iliyokuwa salama, haikumruhusu kuacha. Luria alimfuatia miaka yote hiyo, akachanganya maneno yake na yale ya mgonjwa katika kitabu kimoja kilichotoka mwaka 1971, na katika kitabu hicho, nisemavyo mimi, aliyefundisha ni yule luteni, na profesa ndiye aliyekuwa karani.

Kitabu kidogo kilichokitangulia, cha mwaka 1968, kilimhusu mtu aliyekuwa kinyume cha Zasetsky. Solomon Shereshevsky alikuwa mwandishi wa gazeti aliyeletwa kwa Luria katika miaka ya 1920 kwa sababu mhariri wake alishangaa kuona haandiki kitu anapopewa maagizo, na bado hasahau hata moja. Luria alimsomea orodha ndefu za maneno na tarakimu, akamwuliza tena baada ya miaka kumi na zaidi, naye akazirejea pamoja na nguo alizovaa profesa siku ile. Kila sauti kwake ilikuwa na rangi na ladha. Maneno aliyapanga kwa fikra kando ya barabara ya Moscow, kisha akapita akiyaokota. Akikosea, si kwa kusahau, bali hakuiona picha ya neno alipopita, mathalani yai aliloliweka mbele ya ukuta mweupe. Lakini mtu huyu aliyekuwa hasahau alipata taabu kufahamu shairi, maana kila neno lilimzulia picha yake na picha zikagombana. Akaishia kuwa mchezaji wa jukwaani, akisumbuka kutafuta namna ya kufuta orodha za jana. Oliver Sacks, yule tabibu aliyeandika visa vya wagonjwa vikapendwa dunia nzima, amesimulia kwamba kurasa thelathini za kwanza za kitabu hicho alidhani anasoma hadithi ya kubuni. Wawili hao waliandikiana barua, na Luria alimpa moyo mwenziwe huyo aendelee kuandika habari za mtu mzima, si habari za kiungo.

Siasa hazikumwacha hata alipokwisha kuwa na jina. Baada ya mkutano wa mwaka 1950, ulioamuru kwamba kila elimu ya ubongo iegemee maneno ya Ivan Pavlov, yule mtaalamu Mrusi wa fiziolojia, peke yake, Luria alitolewa katika chuo cha Burdenko cha upasuaji wa ubongo mjini Moscow, akahamia chuo cha kuwachunguza watoto wenye akili nzito, akafanya kazi huko bila kunung'unika hadharani, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 aliporejeshwa kwa wagonjwa wake. Kitabu chake kikubwa juu ya kazi za juu za ubongo kilitoka mwaka 1962, na kingine, kilichofupisha elimu yake yote, mwaka 1973. Aliaga dunia Moscow tarehe 14 Agosti, 1977.

Swali lililoanzia katika nyumba za chai za Uzbekistani limefika mpaka pwani yetu. Huko Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI, yaani taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Uingereza la Wellcome, kimekuwapo tangu mwaka 1989, wataalamu waliona kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria iliyopanda kichwani hubaki na upungufu katika usemi, au umakini, au hushikwa na kifafa. Na walipotaka kuupima upungufu huo wakatanabahi kwamba mitihani iliyotungwa Ulaya humwuliza mtoto wa Kigiriama picha za vitu asivyopata kuviona, kisha ikamhukumu mjinga. Basi wakatunga vipimo vyao kwa vifaa vipatikanavyo kijijini na kwa lugha wazisemazo watoto wenyewe. Profesa Amina Abubakar, Mkenya aliyeshughulika sana na kazi hiyo, na wenzake, wamelazimika kujiuliza, kama Luria kabla yao, ikiwa jibu lililokosewa ni la jeraha, au la umaskini, au ni jibu sahihi kwa swali lisilofaa.

Huko Magharibi urithi wa Luria uligawanywa kwa namna mbili. Wamarekani wa Nebraska waliyachukua majaribio yake wakayafunga pamoja, wakayatia alama na hesabu ili kila mgonjwa atoke na jumla yake. Wengi wakawapinga, wakisema kwamba waliyokusanya ni maswali ya Luria bila Luria, nami naona wapinzani wana hoja, kwa sababu yeye aliligeuza swali katikati ya mazungumzo, akamsaidia mgonjwa kidogo ili aone msaada gani unafaa na upi haufai, jambo ambalo jumla ya alama haiwezi kulibeba. Njia ya pili ilifuatwa na Mdenmark, Anne-Lise Christensen, aliyejifunza kwake, akayapanga majaribio hayo mwaka 1975 kama yalivyokuwa yakifanywa Moscow, pasipo kuyatia jumla. Na mwaka 1985 akafungua katika Chuo Kikuu cha Copenhagen kituo cha kuwarejesha kazini na masomoni watu walioumia ubongo.